Ndege wa gramu 11 na paka wa kijijini

Wengi wetu Afrika Mashariki tulimjua ndege-mvumaji kupitia kwa Wangari Maathai. Katika kisa alichopenda kukisimulia majukwaani, msitu unateketea, wanyama wakubwa wamesimama wakitazama tu, na kijindege kimoja kinakwenda mtoni na kurudi, kila mara na tone la maji mdomoni. Wanapokikejeli, kinajibu kwamba kinafanya kile kilicho ndani ya uwezo wake. Maathai alikuwa na haki zote za kusimulia kisa hicho. Alipanda miti kwa mikono yake, na Januari 1999 alijeruhiwa kichwani na walinzi alipokwenda kupanda miche katika msitu wa Karura. Sisi tuliobaki ndio tuliokigeuza kisa chake kuwa dawa ya usingizi: panda mti wako mmoja, okota mfuko wako mmoja wa plastiki, ukalale.

Ndege mwenyewe hatunaye. Afrika nzima haina hata spishi moja ya ndege-mvumaji. Hao wadogo wanaometameta kwenye maua ya bustani zetu ni chozi, ukoo mwingine kabisa ulioifikia kazi ileile kwa njia yake. Wavumaji, spishi zaidi ya 350, ni wa mabara ya Amerika peke yake, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini ya Chile. Mmoja wao anaishi mahali ambapo watu wamekuwa wakileta matone yao kwa karibu miaka 90, na bado yuko hatarini. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa sababu hali yake inaanika udhaifu wa namna tunavyolielewa neno hifadhi, na udhaifu huo hauko Chile tu.

Ni mvumaji wa Juan Fernández, na anapatikana katika kisiwa kimoja duniani, Róbinson Crusoe, kilomita zipatazo 670 magharibi mwa pwani ya Chile, katika visiwa vya Juan Fernández. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita za mraba 50. Unguja ingeweza kumeza zaidi ya 30 vya namna hiyo. Kina mlima mmoja unaokitawala, El Yunque, wenye mita 915, na chini yake misitu ya ukungu na unyevu iliyojaa mimea isiyoota kwingine kokote. Wakazi wa visiwa vyote hivyo kwa pamoja ni kama 1,000 tu, na karibu wote wako katika kijiji cha San Juan Bautista, wakiishi kwa kuvua kamba-kochi.

Dume lina rangi ya matofali yaliyochomwa vizuri, mwekundu-kahawia mwili mzima, mabawa meusi, na utosini kuna manyoya yanayowaka kama kaa la moto jua likiyapiga kwa upande. Jike halifanani naye hata kidogo. Mgongo wake ni kijani kinachoelekea buluu, kifua cheupe chenye madoadoa, utosi wa buluu. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba wanasayansi wa karne ya 19 waliwapa majina mawili, wakidhani ni spishi mbili. Dume lina uzito wa gramu 11 hivi, jike 7. Kwa ukoo wa wavumaji, ambao wengi wao ni wepesi kuliko hapo, dume hilo ni pande la ndege. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la walio hatarini kabisa, daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Makadirio ya idadi yake yamekuwa yakipishana mno tangu miaka ya 1980, mengine mamia tu, mengine elfu kadhaa, na sababu mojawapo inaeleweka: majira ya kuzaa hupanda msituni, baridi ikiingia wengi hushuka kijijini kutafuta maua. Ukihesabu mahali pasipo pake kwa wakati usio wake, utapata jibu la ajabu.

Hakuna anayemwinda. Hakuna kiwanda kinachokata msitu wake, wala kampuni ya madini inayoutolea macho. Tumezoea kuhadithia uhifadhi kwa kumtafuta mhalifu: jangili mwenye bunduki, tajiri mwenye msumeno wa moto, waziri aliyegawa ardhi. Hapa mhalifu wa namna hiyo hayupo. Kinachomwua ndege huyu ni wageni waliokaribishwa, wengi wao kwa nia njema, na wenyewe leo wanajiona wenyeji.

Mbuzi ndio walitangulia. Wahispania waliofika baada ya baharia Juan Fernández kukiona kisiwa mwaka 1574 waliwaacha mbuzi ili wazaliane na kuwa kitoweo cha mabaharia. Panya walishuka wenyewe kutoka melini, na paka wakaja kwa meli hizo. Baharia wa Kiskoti, Alexander Selkirk, alipoachwa peke yake kisiwani kuanzia 1704 hadi 1709, panya walimtafuna miguu na nguo usiku. Akawafuga paka kwa kuwatupia nyama ya mbuzi, wakawa wanalala wakimzunguka, panya wakamwacha. Taarifa hiyo imo katika maelezo ya Woodes Rogers, nahodha aliyemwokoa. Baadaye Wahispania, wakitaka kuwanyima maharamia chakula, wakapeleka mbwa kisiwani wawamalize mbuzi. Mbuzi hawakuisha, walipanda majabali. Karne ya 20 ikamleta koati, mnyama wa Amerika Kusini mwenye pua ndefu, apandaye miti na kula mayai. Sungura nao wakaja. Kila aliyeleta mnyama alikuwa na sababu inayoeleweka, na kila sababu ilikufa mapema kuliko mnyama.

Selkirk ana kisiwa chenye jina lake siku hizi. Serikali ya Chile ilibadili majina ya visiwa hivyo mwaka 1966 kwa kutamani watalii: Más a Tierra kikawa Róbinson Crusoe, na Más Afuera, kilicho mbali zaidi baharini, kikawa Alejandro Selkirk. Huko Más Afuera kuliishi nususpishi ya ndege wetu. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1908. Mwaka huohuo mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Carl Skottsberg, aliupiga picha mti wa mwisho uliojulikana wa msandali wa visiwa hivyo. Msandali uliisha kwa shoka, kwa kuwa ulikuwa na harufu na bei. Mvumaji wa Más Afuera hakuwa na bei yoyote sokoni, naye akaisha vilevile. Ukiwa na mbuzi wa kula maua na paka wa kula wanaoyafuata, humhitaji mfanyabiashara.

Hata hivyo ninachokiona kizito kuliko wanyama ni mimea, na hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu ndipo siasa za uhifadhi huchoka haraka. Paka anaweza kupigwa picha na ndege mdomoni. Kichaka hakimshtui mtu.

Msitu wa asili wa kisiwa hiki umeshikwa na mti uitwao luma. Juu yake, kwenye vijitawi vyembamba, jike hujenga kiota chenye ukubwa wa kikombe kidogo cha kahawa na kutaga mayai mawili. Chini ya luma kuna kivuli kizito. Mti mmoja mkubwa ukianguka kwa upepo au uzee, mwanga unaingia, na zamani mwanga huo ulikuwa nafasi ya miche ya asili kuinuka. Siku hizi unaoinuka ni msitu mwingine. Zarzamora, kichaka cha miiba cha Ulaya chenye matunda meusi matamu, kinalifunika pengo zima na kulifunga. Maqui, mti mdogo wa Chile bara, unaota kwa mbegu zinazosambazwa na ndege wanaokula matunda yake. Pengo moja halitishi. Msitu wa milimani, wenye pepo na miteremko mikali, una mapengo kila mwaka, na kila pengo ni mlango. Baada ya miongo kadhaa unakuta bonde ambalo ukilitazama kutoka kwenye mashua ni la kijani na la kupendeza, ilhali kwa mvumaji ni jangwa: hakuna luma ya kutagia wala ua la kumtosha.

Nalo ua kwake si anasa. Ndege anayesimama hewani kwa kupiga mabawa anaunguza nguvu kwa kasi ambayo viumbe wachache wenye uti wa mgongo wanaweza kuivumilia, na hana akiba ya siku nyingi. Akikosa nekta, maji matamu ya maua, anakula wadudu wadogo, lakini wadudu peke yao hawamfikishi mbali. Kwa hiyo kupotea kwa mimea kunamuumiza wiki hii, si kizazi kijacho.

Kuna mti mmoja unaoeleza jambo hili kuliko takwimu. Unaitwa kabichi ya Juan Fernández, ingawa si kabichi. Ni wa kabila moja na mchunga wetu, ile mboga chungu ya porini, isipokuwa huko kisiwani, katika upweke wa muda mrefu, ukoo wa mboga uligeuka miti yenye shina, majani mapana kama sinia na vishada vya maua ya chungwa vinavyoning'inia. Mbuzi waliyapenda majani hayo kupita kiasi. Porini mti ulibaki kwa kuhesabika. Uliponea kwenye bustani za watu. Wanakijiji waliupanda uani kwa sababu ni mzuri, na wavumaji wakaja kula uani. Februari 2010, tetemeko kubwa la Chile lilipotuma tsunami kisiwani usiku, wimbi lilizoa nyumba, ofisi na bustani za sehemu ya chini ya kijiji. Watu walipoteza jamaa zao, na mbele ya msiba huo si adabu kuomboleza maua. Ila ni kweli pia kwamba usiku mmoja uliondoa maua ambayo ndege wa hatarini kabisa alikuwa akiyategemea wakati wa baridi.

Tena, mvumaji huyu hunyonya pia maua ya mikaratusi iliyopandwa kijijini. Mkaratusi! Mti uleule tunaougombania Kenya kwa kukausha chemchemi. Mwanaharakati anayetaka kisiwa kisafishwe kila kigeni kwa siku moja atamwua ndege kwa njaa kabla ya miche ya asili kutoa ua la kwanza.

Sasa rudi kwenye ramani. Visiwa hivi ni hifadhi ya taifa ya Chile tangu 1935, na hifadhi ya biosfea ya UNESCO tangu 1977. Sehemu kubwa ya ardhi imo ndani ya mpaka, kijiji kimeachwa nje. Kisheria kila kitu kiko sawa. Ndege ndiye asiyeujua mpaka: anazaa ndani, anapitisha baridi nje, na katikati ya safari hiyo anakutana na paka wa nyumba na paka wa porini. Zarzamora nayo haikuomba kibali cha kuingia. Tangazo la hifadhi huzuia watu wasifanye jambo fulani. Humzuia mkata miti, humzuia mjenzi wa hoteli. Haliwezi kuzuia mbegu iliyo tumboni mwa ndege mwingine. Mahali ambapo hatari ni kitendo cha mtu, kumzuia mtu kunatosha au kunakaribia kutosha. Mahali ambapo hatari inakua yenyewe usiku na mchana, kuzuia ni sawa na kutofanya kitu, na hifadhi bora inayolindwa vizuri na askari waaminifu inaweza kufia mikononi mwa askari hao bila sheria moja kuvunjwa.

Kinachotakiwa ni jembe. Pale Plazoleta del Yunque, chini ya mlima, wafanyakazi wa CONAF, shirika la misitu la Chile lililoendesha hifadhi hiyo, pamoja na asasi ya uhifadhi ya Oikonos na wanakijiji, wamekuwa wakifanya kazi ambayo picha zake hazivutii mfadhili: kukata vichaka vamizi pengo kwa pengo, kuua visiki visichipue, kuondoa miche ya maqui kwa mkono, kuipa nafasi miche ya asili, na kurudi. Neno zito hapo ni kurudi. Mkulima yeyote anayepalilia mahindi anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Ukipalilia msimu huu na kuuacha ujao, umelima kwa faida ya magugu, maana umeyafungulia mwanga. Pengo lililosafishwa kwa fedha za mradi wa miaka 3 na kutelekezwa mwaka wa 4 linaweza kuwa baya kuliko lilivyokuwa.

Hapo ndipo ninapokosana na kisa cha matone, au angalau na matumizi yetu ya kisa hicho. Tone la leo na tone la keshokutwa, kila moja likitoka kwa mtu mwenye moyo safi, hayajumliki. Kazi isiyo na mwendelezo hurudishwa nyuma na mimea isiyolala. Watu wachache wanaolipwa mshahara kwa miaka 20 wana thamani kuliko maelfu ya wapenda ndege wanaochanga mara moja baada ya kuona picha ya dume jekundu.

Na paka? Kijiji kinawapenda, kama vijiji vyote vya wavuvi duniani. Wanaua panya, wanalala kwenye mapaja ya watoto. Bustani zenye maua ya chini, yanayofikika kwa mruko mmoja, ndizo zinazomvuta ndege baridi ikiingia. Njia iliyofuatwa huko, ya kuleta madaktari wa mifugo wawahasi paka na kuwahimiza wenyewe wawaandikishe, imewaudhi baadhi ya wahifadhi wa nje wanaoona ni polepole mno. Mimi naiunga mkono. Paka wa nyumbani ni mali na ni mapenzi, na hakuna operesheni ya kisiwani iliyodumu ikiwa majirani wanaficha paka uvunguni mwa vitanda. Wale wa porini, wasio na mwenyewe, ni jambo jingine, na huko sioni njia ya upole: kila mwaka anaoachwa hai paka mmoja msituni, unalipwa kwa ndege. Anayesema hataki mnyama yeyote auawe amekwisha kuchagua nani afe, ila hataki jina lake liandikwe.

Huku kwetu mjadala huo tumeuonja. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilipotangaza kwamba litaua kunguru milioni 1 hasa ukanda wa Pwani, watu walishtuka, wengine wakacheka, wengine wakakumbuka kwamba kunguru naye ana roho. Kunguru huyo wa India aliingia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa mwambao mzima, na mtu wa Mombasa, Malindi au Dar es Salaam hahitaji kuambiwa anavyofanya na makinda ya ndege wadogo. Tulikuwa na zaidi ya miaka 100 ya kumzoea. Ajabu ni kwamba jamii iliyomzoea kunguru hadi ikamwona sehemu ya mji ndiyo iliyoshangaa chiriku na chozi walikokwenda. Na mathenge ya Baringo, mti wa miiba ulioletwa miaka ya 1980 uzuie jangwa ukaishia kuwang'oa mbuzi meno hadi mbuzi mmoja akapelekwa mahakamani kama ushahidi, ungeifahamu zarzamora kama ndugu.

Wanaodhani kuondoa wageni ni kazi isiyowezekana wanakosea. Karibu kabisa na Róbinson Crusoe kuna kisiwa kidogo, Santa Clara, ambako sungura waliondolewa wote mwaka 2003. Georgia Kusini, kisiwa kikubwa mno cha baridi katika Atlantiki, kilitangazwa hakina panya mwaka 2018. Wanaodhani ni kazi ya kukurupuka nao wakosea. Macquarie, kisiwa cha Australia, kiliondolewa paka kufikia 2000, na sungura, waliokuwa wakiliwa na paka hao, wakafurika na kuitafuna miteremko hadi udongo ukaanza kuporomoka. Watafiti bado hubishana ni kiasi gani cha lawama kinawaangukia walioondoa paka na kiasi gani kilitokana na mambo mengine, lakini ilibidi sungura, panya na panya-buku waondolewe kwa pamoja, na kisiwa hakikutangazwa safi hadi 2014. Kwenye Róbinson Crusoe kuna paka, panya, koati, sungura na mbuzi, pamoja na mimea miwili mitatu inayofaidika kila mmoja wao akihama. Wanapaswa kupangwa foleni, na foleni hiyo ipangwe na watu wanaojua nani anamla nani.

Je, wenyeji wanaweza kubeba nidhamu ya namna hiyo? Jibu liko baharini. Wavuvi wa kamba-kochi wa kisiwa hiki wanaendesha mojawapo ya mifumo ya uvuvi ninayoihusudu zaidi. Kila mahali pa kutegea mtego, panapoitwa marca, pana mwenyewe anayetambuliwa na wenzake, na hupokezwa kutoka mzazi hadi mtoto bila hati ya serikali. Kamba mdogo kuliko kipimo hurudishwa majini, jike lenye mayai hurudishwa majini, na kuna miezi ya mwaka ambayo mitego hukaa nchi kavu. Uvuvi huo umepata cheti cha kimataifa cha uendelevu. Watu walioweza kujizuia wenyewe kwa wenyewe juu ya kitu chenye bei kubwa kama kamba-kochi hawahitaji mgeni wa kuwafundisha maana ya subira.

Tofauti ni kwamba kamba-kochi anasomesha watoto. Mvumaji hasomeshi mtu. Wanaojibu haraka hapo husema utalii, na mimi sisadiki. Safari ya kisiwa hicho ni ndege ndogo yenye viti vichache au meli ya siku mbili kasoro, bahari ikikubali. Watalii wa kutazama ndege watakuja wachache, watapiga picha kijijini, wataondoka. Fedha yao haiwezi kupalilia mlima. Mwenye wajibu ni serikali ya Chile, iliyojitwalia sifa ya kuwa na hifadhi hiyo tangu 1935. Mwaka 2023 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuunda idara mpya ya bioanuwai na maeneo ya hifadhi, ambayo inachukua kazi zilizokuwa za CONAF katika hifadhi za taifa. Sheria ni nzuri kwenye karatasi. Nitakayoisoma kwa makini ni bajeti, na ndani ya bajeti nitatafuta ajira za kudumu za wapaliliaji kutoka San Juan Bautista, wenye pensheni na bima, si vibarua wa msimu wa ufadhili. Bustani za kijijini nazo ziingizwe kwenye hesabu hiyo kama ardhi ya hifadhi bila kumnyang'anya mtu ua wake: miche ya kabichi itolewe bure, na mkaratusi ukatwe tu pale mti wa asili jirani yake umeanza kutoa maua.

Kuna wanaopendekeza njia ya mkato, ndege wachache wapelekwe Alejandro Selkirk wakaanze upya mahali ndugu zao walipopotelea. Wazo hilo nalipenda kwa mbali. Kisiwa kile kina mlima mrefu zaidi, msitu wake haujabanwa na kijiji kikubwa, na kuwa na makazi mawili badala ya moja kungepunguza hatari ya moto au ugonjwa mmoja kuwamaliza wote. Lakini paka na mbuzi waliommaliza wa kwanza bado wako hukohuko, kwa hiyo kazi ya kuanza nayo ni ileile ya Róbinson Crusoe, ila mbali zaidi na kwa gharama kubwa zaidi. Chile ikishindwa kulipia palizi ya kisiwa chenye watu, gati na ofisi ya hifadhi, sioni itaiwezaje ya kile kisicho navyo.